Mara ya tatu tulikwenda wawili

Mara mbili za kwanza nilikwenda kliniki ya uzazi peke yangu. Mume wangu alikuwa na kazi, au alisema ana kazi, nami sikumlazimisha. Tulikuwa na miaka 4 ya ndoa. Kila Krismasi tulipokwenda kwao Moshi, mama mkwe alinipokea vizuri, kisha usiku akanifuata jikoni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, bado tu?"

"Bado, mama." Sikuwa na jibu lingine.

Siku ya kwanza daktari aliniuliza tarehe ya hedhi yangu ya mwisho nikababaika. Mzunguko wangu ni wa siku ngapi? Nimewahi kutumia dawa gani? Nilijibu nusunusu, na nilipofika kituo cha daladala ndipo nikakumbuka kwamba nilichotaka kuuliza sikukiuliza. Mara ya pili nilipigwa picha ya mirija ya uzazi. Kipimo hicho hufanywa siku chache baada ya hedhi kwisha, na kwa kuwa nilichelewa kupanga siku, nilisubiri mwezi mzima. Mirija ilikuwa wazi, na homoni hazikuwa na shida. Daktari akafunga faili, akanitazama.

"Wewe nimekupima vya kutosha. Mwenzako yuko wapi?"

Nilipomweleza mume wangu alisema, "Mimi sina tatizo. Kwetu watu wanazaa." Nikamwambia simpeleki kushtakiwa, namwomba tukapime wote. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu, akiwa anapiga pasi shati lake, akauliza, "Ni siku gani hiyo?"

Safari hii tulijiandaa. Nilinunua daftari dogo, nikaandika tarehe zangu za hedhi za miezi 6, dawa na vipimo vyote vya nyuma. Yeye akaandika yake: sigara, bia za mwisho wa wiki, na matumbwitumbwi aliyougua akiwa kidato cha pili, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Chini tukaweka maswali 5, la muhimu likiwa la kwanza. Alielekezwa akae kati ya siku 2 na 7 bila tendo la ndoa kabla ya kutoa mbegu. Sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, na kwa foleni za Dar es Salaam tuliona ni heri aitolee hospitalini hapohapo.

Majibu yalionyesha mbegu chache, tena zenye mwendo hafifu.

Njiani kurudi hatukuzungumza. Nitasema ukweli: nilijisikia mwepesi, kisha nikaona aibu kwa kujisikia hivyo. Miaka 4 nimebeba lile swali la jikoni peke yangu. Nilitoa simu nimpigie mama mkwe. Nikamwona mume wangu amekunja ile karatasi ya majibu mara nne, ameibana kiganjani. Nikairudisha simu kwenye pochi.

Jioni tukafungua daftari, kila mmoja aandike alichomsikia daktari akisema. Yeye alikuwa amesikia, "Huwezi kuzaa." Mimi nilisikia, "Rudi baada ya miezi 3." Chumba kimoja, daktari mmoja! Asubuhi nikapiga simu kliniki, na muuguzi akatufafanulia kwa upole. Kipimo kimoja si hukumu. Mbegu za kiume huchukua zaidi ya miezi 2 kukomaa, ndiyo maana hurudiwa baada ya kama miezi 3. Kwa sasa aache sigara, apunguze pombe, na aende akachunguzwe mishipa ya korodani, kwa kuwa ikivimba huweza kuathiri mbegu, na inatibika. Akaongeza kwamba katika karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume nao una mchango.

Tukaweka vipimo na risiti zote kwenye bahasha moja, tusije kulipia tena kipimo kilekile kwingine. Tukakubaliana pia kwamba hakuna atakayemwambia ndugu yeyote bila ridhaa ya mwenzake.

Kwa anayesoma haya akiwa bado anasubiri: mkimaliza miezi 12 ya kujaribu bila mimba, nendeni hospitali. Kama mke amevuka miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Na muende wawili tangu siku ya kwanza. Mimi nilipoteza karibu mwaka nikipimwa peke yangu.

Krismasi ikafika, tukaenda Moshi. Usiku mama akanifuata jikoni kama kawaida. Kabla hajamaliza kuuliza, mume wangu akaingia.

"Mama, tunatibiwa wote wawili. Usimuulize huyu peke yake."

Mama alimtazama mwanawe, akanitazama mimi. Kisha akanipa sufuria. "Haya, shika hiyo, chakula kinapoa." Hakusema zaidi. Lakini juzi alipiga simu, akataka kujua siku yetu ya hospitali ili atuombee.

Ni Alhamisi ijayo, kipimo cha marudio. Daftari liko mezani, na safari hii maswali yote 5 ameyaandika yeye.