Maisha Nyuma ya Kaunta ya Baruti

Alipoajiriwa katika duka la vifaa vya kujazia risasi jijini Columbus, Ohio, mwandishi wa kumbukumbu hizi hakuwa mwindaji wala mlenga shabaha. Alikuwa mhasibu aliyesomea kazi yake Tanga, akahamia Marekani na kuanza upya kwa kubeba maboksi ghalani. Mwenye duka alikuwa na rafu nzima ya programu za kompyuta za hesabu za risasi ambazo hakuna mfanyakazi aliyeweza kumweleza mteja tofauti zake. Aliposikia kwamba mbeba maboksi anajua kompyuta, alimhamishia kaunta. Hapo ndipo alipokaa mpaka alipostaafu.

Kazi yenyewe ilimtaka kwanza aijue risasi. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kinachoruka. Bunduki ikishalia, ganda peke yake ndilo linalobaki mkononi. Wamarekani wengi wanaopenda kulenga shabaha hawalitupi. Hung'oa fataki iliyokwisha, hulirudisha ganda katika umbo lake, huweka fataki mpya, hupima baruti kwenye mzani, kisha hukandamiza kichwa kipya mdomoni mwake. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Kwa mtu aliyezoea kusaka senti iliyopotea katika daftari la hesabu, kazi ya kugombana na nusu greni haikumshinda.

Swali la wateja lilikuwa lile lile kila siku: "Programu ipi ni nzuri?" Alijifunza kulijibu kwa swali lingine. Mteja anataka kujua yanayotokea ndani ya mtutu, au yanayotokea kichwa kikishatoka? Hizo ni hesabu mbili tofauti, na programu iliyo bingwa wa moja huenda haijui lolote kuhusu nyingine.

Ya ndani ndiyo yenye hatari. Baruti ikiwaka huzaa gesi, na gesi husukuma pande zote. Chama cha viwanda vya silaha na risasi cha Marekani, SAAMI, kilichoanzishwa mwaka 1926, huweka kikomo cha shinikizo kwa kila aina ya risasi. Kwa .308 Winchester kikomo ni ratili 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Mtu wa kawaida hana chombo cha kupimia shinikizo hilo mezani kwake. Ndiyo maana watu walikuja kuulizia QuickLOAD, programu iliyotungwa na Mjerumani Hartmut Brömel, ambayo hukadiria shinikizo na mwendo kwa kutumia tabia za baruti, uzito wa kichwa, urefu wa mtutu na nafasi iliyomo ndani ya ganda. Baadaye ikaja Gordon's Reloading Tool, nayo pia ya Ujerumani, iliyotolewa bure, na baadhi ya wateja wakahamia huko.

Neno la kushika hapo ni kukadiria. Programu hufunguka ikiwa na tarakimu zake za kuanzia, na mteja mvivu huziacha kama zilivyo. Kwa hiyo mwandishi aliweka chupa ya maji na kichupa cha kudondoshea dawa ya macho kwenye kaunta. Mteja akija na ganda lililopigwa katika bunduki yake mwenyewe, fataki ya zamani ikiwa bado imeziba tundu lake, alilipima likiwa tupu, akalijaza maji tone kwa tone mpaka yakalingana na mdomo, yasitune wala yasibonyee, akafukuza viputo kwa kuligonga kidogo, akafuta nje kwa kitambaa, kisha akalipima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi ya ganda hilo, na ndiyo tarakimu iliyostahili kuingizwa.

Mteja mmoja wa .308 aliliona zoezi hilo kuwa mchezo wa watoto. Alikuwa ameokota maganda ya kijeshi, ambayo kwa kawaida kuta zake ni nene kuliko ya kiraia, akaacha tarakimu za programu zilivyokuwa. Unene wa ukuta unapunguza nafasi ndani, na baruti ile ile katika nafasi ndogo hutoa shinikizo kubwa zaidi. Alirudi na maganda ambayo fataki zake zilikuwa zimebapa kama sarafu, akieleza kwamba kishikio cha bunduki kilikuwa kigumu kufungua. Hizo ni dalili za shinikizo kupita kiasi. Mwandishi hakumuuzia kitu siku hiyo. Alimpa kitabu cha jedwali za kiwanda asome palepale, akamwonyesha kiwango cha kuanzia, ambacho ndicho cha chini, na kumweleza kuwa watengenezaji wa baruti na vichwa huchapisha viwango baada ya kuvipima maabara. Programu inakuja baada ya kitabu, haichukui nafasi yake.

Hesabu ya nje ya mtutu ni kongwe zaidi. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza katika kitabu jinsi ya kupima mwendo wa risasi kwa kuipiga ndani ya gogo linaloning'inia na kutazama limebembea kiasi gani. Miaka 200 baadaye, jeshi la Marekani lilihitaji jedwali za mizinga kwa wingi hivi kwamba liligharamia ENIAC, kompyuta ya Philadelphia yenye vali zipatazo 18,000, iliyotangazwa hadharani Februari 1946. Wanawake sita ndio walioipanga ifanye kazi, miongoni mwao Kay McNulty na Betty Jennings. McNulty alikuwa amezikokotoa njia za makombora kwa kikokotoo cha mezani, kazi iliyoweza kula saa 30 na zaidi kwa njia moja tu. ENIAC iliimaliza kwa nusu dakika. Leo simu ya mkononi huifanya kufumba na kufumbua, na mteja hunung'unika ikichelewa.

Palipokuwa na utamu wa hesabu hiyo ni Camp Perry, ukingoni mwa Ziwa Erie, kaskazini mwa Ohio, ambako mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Mwenye duka alimpeleka mwandishi huko kiangazi awatazame wateja wao wakiwa kazini. Kichwa cha greni 175 kikitoka kwenye .308 kwa mwendo wa futi 2,600 kwa sekunde hushuka takriban mita 10 kabla ya kufika yadi 1,000, ukihesabu kutoka kwenye bunduki iliyolengwa yadi 100. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa hukisukuma karibu mita mbili na nusu. Na mwendo ukikosewa kwa futi 30 tu kwa sekunde, kichwa kinatua kama sentimita 30 juu au chini ya palipokusudiwa.

Kwa hiyo alianza kuuza kipima mwendo kabla ya programu. Bila mwendo uliopimwa katika bunduki ya mteja mwenyewe, hata hesabu nzuri kuliko zote inaanza na uongo.

Tarakimu ya pili iliyowachanganya watu ni kigawo cha balistiki, yaani uwezo wa kichwa kuikata hewa. Kwa muda mrefu viwanda vilikitoa kwa kipimo cha G1, kinachofuata umbo la kichwa kifupi chenye kitako bapa cha karne ya 19. Vichwa virefu vya siku hizi, vilivyochongoka mbele na kupungua nyuma, hufuata zaidi kipimo cha G7. Mtaalamu wa balistiki Bryan Litz alipochapisha kitabu chake mwaka 2009 akiwa amevipima vichwa vingi kwa G7, wateja wa masafa marefu walianza kuzikataa programu zisizokipokea. Mwandishi pia aliwaonya wasiingize namba ya G1 pale panapodaiwa G7, kwa kuwa programu haibishi. Inatoa jibu baya kwa adabu ile ile.

Siku moja kijana wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi hospitalini aliingia dukani.

"Shikamoo mzee. Nataka ile programu kubwa kuliko zote."

"Marahaba mwanangu. Wawinda nini?"

"Kulungu, kwa .45-70. Hata yadi 150 sifiki."

"Basi tia pesa zako mfukoni. Chukua mzani."

Jibu hilo lilikuwa na sheria nyuma yake. Ohio iliruhusu bunduki za rifle kwa kulungu mwaka 2014 tu, tena zile za risasi zenye maganda yaliyonyooka, kama .45-70, ambazo vichwa vyake ni vizito na hushuka upesi. Kwa umbali wa kijana yule, jedwali iliyochapishwa na kiwanda na mazoezi uwanjani vinatosha kabisa.

Kwa msomaji anayetaka kujaza risasi pale sheria za nchi yake zinaporuhusu, ushauri wa mzee huyu bado ni huo. Kitabu cha jedwali kilichochapishwa karibuni kiwe cha kwanza, mzani wa pili, kipima mwendo cha tatu. Programu ya nje ya mtutu inayokubali G7, joto na shinikizo la hewa ni ya mwenye kulenga mbali, na za bure zinamfaa mpaka aanze kushindana. Programu ya ndani ya mtutu ni ya kulinganisha na kitabu, na asiye tayari kupima nafasi ya ganda lake kwa maji asiinunue.