Kufuli la Nje

Huu ni mwaka wa pili nikijitolea katika ofisi ya watoto mtaani kwetu. Digrii sina, niliacha chuo karo ilipokosekana. Mshahara pia sina. Natembelea nyumba, naangalia, nauliza, kisha nampa afisa wa watoto maelezo. Yeye ndiye huandika ripoti inayomfikia hakimu.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miaka saba. Tumwite Juma, maana majina ya watoto walio kortini hayatangazwi. Jirani alikuwa amepiga 116, ile simu ya bure, kusema kuna mtoto anafungiwa ndani usiku kucha. Nilifika saa mbili usiku, nikapata kufuli kwa nje. Nikachungulia dirishani: sufuria ya ugali baridi, koroboi, na mkono uliofungwa kitambaa. Koroboi ilikuwa imemchoma.

"Anti, mathe alisema nisiongee na mtu."

Usiku huo chifu alivunja kufuli. Juma akapelekwa hospitali, kisha makao ya muda. Nami nikaandika: "Mama hajali."

Afisa alisoma, akaniuliza swali moja tu: "Umeongea na mama?"

Sikuwa nimeongea naye. Nilimpata saa kumi na mbili asubuhi akitoka Marikiti, ambako hupakua mboga malori yakiingia usiku. Macho yalikuwa mekundu.

"Nikimwacha wazi, ploti imejaa wanaume nisiowajua. Nikimfungia, mimi ni mkatili. Wewe msichana ungefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Mamangu pia alikuwa akirudi usiku wa manane. Tofauti yangu na Juma ni kwamba mimi nilikuwa na cucu chumba cha pili.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulindwa asitelekezwe, na pia haki ya kulelewa na wazazi wake. Nilikuwa nimesoma nusu yake tu.

Nilifuta yale maneno mawili. Mkono ulioungua sikuufuta. Niliandika kilichotokea, saa za kazi za mama, na kwamba dadake anaishi hatua chache kutoka hapo.

Korti ya watoto haina umati. Hakimu alimuuliza Juma anataka nini.

"Kurudi kwa mathe. Lakini asifunge."

Alirudi, chini ya uangalizi wa ofisi yetu, na usiku analala kwa yule dada ya mama. Bado huwa napita huko. Wakati mwingine anti huyo huchoka, na mama hulazimika kukosa kazi. Hakuna aliyetatua umaskini wao.

Lakini sasa, kabla sijaandika neno kuhusu mzazi yeyote, nangoja kwanza atoke kazini.