Mama, pasi na hesabu niliyoisahau

Nimekuwa kimya majuma kadhaa. Kazi zilikuwa nyingi, lakini kusema kweli nilikuwa naona aibu. Leo nimeamua kueleza, maana huenda ikaokoa nyumba ya mtu.

Mama yangu hufua na kupiga pasi nguo za watu pale nyumbani. Juzi juzi alinunua ekstensheni ya mita 10 ili afanyie kazi barazani kwenye hewa. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma. Nikichomeka pasi na birika la stima pamoja, kuna neno?"

Mimi huandika programu, si fundi wa stima. Lakini nani ana digrii ya kompyuta akubali kumwambia mamake hajui? Pasi yake ni kuukuu, maandishi ya wati yamefutika. Nikachukua kimita changu cha kuchomeka kwenye soketi, nikapima kila kifaa peke yake. Volti zilikuwa 240. Birika lilivuta ampea 8.3, pasi ampea 5.

Kwa nambari hizo mbili unapata mengine yote. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, kwa omu. Hiyo ndiyo kanuni aliyochapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, kwa wati. Nikaandika programu ya mistari michache, ikanijibu hivi:

Birika: 240 ÷ 8.3 = omu 28.9, 240 × 8.3 = wati 1,992.
Pasi: 240 ÷ 5 = omu 48; 240 × 5 = wati 1,200.
Jumla: ampea 13.3, wati 3,192.

(Kwa vifaa vya kupasha joto hesabu hii inatosha. Kwa vyenye mota, kama friji, volti mara ampea huzidi wati halisi.)

Plagi ilikuwa na fyuzi ya ampea 13. Nikasema, 13.3 na 13 ni jirani, na mzigo ukizidi fyuzi itakatika. "Hakuna neno, mama. Endelea na kazi."

Siku ya tisa akanipigia simu, sauti inatetemeka. Waya ulikuwa umeyeyuka chini ya kapu la nguo. Alinusa plastiki, akakimbia kuzima swichi ukutani. Nguo za wateja wawili ziliungua, na moja ilikuwa suti ya harusi. Yeye hakuumia, namshukuru Mungu. Fyuzi je? Nzima kabisa!

Nilipofika, mama alikuwa anajilaumu. "Ni mimi, niliukunja waya uliobaki nikaweka kapu juu." Nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu ninayoisema. Nilimwacha ajilaumu juma zima.

Usiku nilirudi kwenye programu yangu nikaona kosa. Nilihesabu ukinzani wa birika na wa pasi, lakini waya wenyewe niliuchukulia kana kwamba ni sifuri. Waya si sifuri. Ule ulikuwa wa shaba, unene wa milimita mraba 0.75. Mita 10 kwenda na mita 10 kurudi ni mita 20, na ukinzani wake ni kama omu 0.46.

Nambari ndogo, sivyo? Lakini mwaka 1841 James Prescott Joule alichapisha kwamba joto katika waya hufuata ampea mara ampea mara ukinzani. Basi 13.3 × 13.3 × 0.46 ni karibu wati 81. Ni joto la kuzidi balbu ya zamani ya wati 60, limefichwa ndani ya waya. Ukiunyoosha, joto hutoka kidogo kidogo. Ukiukunja na kuufunika kwa nguo, linakosa pa kutokea.

Tena waya wa 0.75 kwa kawaida hupewa kikomo cha ampea 6. Hata birika peke yake lilikuwa limeshapita! Na fyuzi ya 13 haikatiki kwa 13.3, inaweza kubeba kiasi hicho kwa saa nyingi. Fyuzi ile haikuwa na habari kwamba waya ulio mbele yake ni mwembamba.

Jumapili nilimwambia mama ukweli, kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Alinitazama kitambo, akasema, "Kwa hivyo si kapu?" Nikamjibu kapu lilizidisha tu, waya ulikuwa umeelemewa tangu siku ya kwanza. Akacheka kidogo, akaniambia nilipe suti. Nimelipa.

Sasa barazani kuna soketi yake, fundi ameivutia waya wa 2.5 moja kwa moja. Kwa urefu ule ule, ampea 13.3 zingeacha wati 24 hivi njiani badala ya 81. Na bado mama huchemsha maji kwanza ndipo apige pasi.

Nawe hebu angalia ekstensheni yako leo. Soma unene ulioandikwa kwenye waya, ujumlishe ampea za ulivyochomeka. Ukiugusa ukaona una joto, chomoa kwanza, hesabu baadaye.

Haya, tuonane tena juma lijalo. Wasalaam.