Baada ya Siku Kumi za Kimya

Watu wakisikia kwamba niliwahi kukaa siku kumi bila kuzungumza, huuliza kwanza niliwezaje kufunga mdomo. Hilo ndilo lililokuwa jepesi. Ulimi huzoea upesi, na unaona hata raha kwamba hakuna anayekudai salamu wala habari za nyumbani. Kazi iko kwenye kichwa, maana chenyewe hakinyamazi. Umefumba macho, umekaa kwenye mto katikati ya ukumbi uliojaa watu, na ndani yako ugomvi wa shule ya msingi, bei ya saruji na wimbo wa tangazo la sabuni vinapigana vikumbo.

Nilikuwa nasoma India wakati huo. Kozi niliyohudhuria huitwa Vipassana, kwa namna ilivyoenezwa na S. N. Goenka. Mzee huyu alizaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Kipandauso kilimtesa mpaka akawa anachomwa sindano za mofini. Katika kuhangaikia nafuu akafika kwa Sayagyi U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma, ambaye pamoja na kazi yake ya mahesabu alikuwa akifundisha watu kutafakari. Mwaka 1969 Goenka akaanza kufundisha India, na kituo kikuu cha Igatpuri, jimboni Maharashtra, kikafunguliwa mwaka 1976. Alifariki mwaka 2013, lakini sauti yake iliyorekodiwa ndiyo inayoongoza kozi mpaka leo. Ada hakuna. Aliyemaliza hutoa alichojaliwa, kwa ajili ya watakaokuja nyuma yake.

Kengele hulia saa kumi alfajiri. Chakula cha mchana ni saa tano, na jioni mgeni hupewa chai na matunda, basi. Siku tatu za kwanza unatazama pumzi inavyoingia na kutoka puani. Siku ya nne unaanza kuupitia mwili mzima kwa akili, toka utosini hadi vidole vya miguu, na hapo ndipo vinapoanza vikao vya saa nzima bila kusogeza mkono wala mguu.

Goti langu la kushoto liliwaka moto. Tulikuwa tumeelekezwa tusiyakimbie maumivu wala tusiyachukie, tuyatazame tu. Nikatazama. Nilichokuwa nakiita maumivu kilikuwa vitu vingi: joto, mdundo, mchomo kama wa sindano, na juu ya vyote woga kwamba mguu utaharibika. Huo woga ndio uliokuwa mzito kuliko vyote. Ulipopungua, goti liliendelea kuuma, lakini uchungu wake niliuweza.

Miaka kadhaa baadaye, huko Kilimanjaro, tulikaa kikao cha ukoo kuhusu kihamba (shamba la ukoo) alichoacha baba. Kaka yangu alisimama mbele ya wazee akasema kwamba mimi niliyesomeshwa kwa fedha za familia sistahili hata mgomba mmoja. Nilihisi masikio yakipata moto, kifua kikibana, taya zikikazana. Nilivitambua kimoja kimoja, kama nilivyolitambua goti. Nikangoja moto ushuke, ndipo nikasema: "Kaka, nimekusikia. Naomba wazee wanisikilize na mimi." Kihamba hakikugawanywa siku hiyo, ila tulikula pamoja, na mpaka leo tunapigiana simu. Sisemi kimya ndicho kilichotuokoa. Mama alikuwepo, na wazee wetu wana busara. Lakini najua jibu lililokuwa limenifika kooni, na najua lisingesameheka.

Je, faida hii inadumu? Ule wepesi wa kutoka kozini, wa kuona kila jani limeoshwa, uliisha upesi. Wanafunzi huagizwa wakae saa nzima asubuhi na saa nzima jioni kila siku, agizo gumu kwa mtu mwenye watoto na daladala ya kuwahi. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Clifford Saron, wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walianza kuwapima watu waliokaa miezi mitatu wakitafakari milimani Colorado. Umakini wao uliongezeka. Walipopimwa tena miaka saba baadaye, sehemu ya faida hiyo ilikuwa bado ipo, na walioendelea kutafakari kwa bidii ndio ambao umri haukuwapunguzia umakini sana. Hao walikuwa wapenzi wa jambo hili tangu mwanzo, kwa hiyo sichukui matokeo yao nikamvisha kila mtu. Hata hivyo yanalingana na niliyoyaona kwangu: nikiacha kukaa alfajiri kwa wiki chache, masikio yanapata moto bila mimi kuyaona.

Kuna pia suala la imani. Kozi hujitangaza kuwa si ya dini yoyote, lakini kabla ya kuanza unatamka kumkimbilia Buddha, na masharti yanataka sala na ibada zote zisimame kwa siku kumi. Mimi Mkatoliki niliiweka rozari yangu kando, na haikuwa rahisi. Muislamu anaombwa aache sala tano, na simshawishi yeyote akubali hilo. Anayo itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, kama sisi tulivyo na mafungo ya kimya ya Mtakatifu Ignasi.

Linaloniumiza zaidi ni madhara. Rafiki yangu alikwenda kwenye kituo cha mapokeo mengine muda mfupi baada ya kumzika mtoto wake. Usingizi ukamkimbia, akaanza kusikia sauti. Alipomweleza mwelekezi, aliambiwa aendelee kukaa. Ilichukua miezi na dawa za hospitali kumrudisha. Hayuko peke yake: mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha utafiti uliokusanya simulizi za watu waliopatwa na woga mkali, kukosa usingizi na kuhisi wamepoteza nafsi zao kwa sababu ya kutafakari. Kimya kirefu kina nguvu, na chenye nguvu ya kuponya huweza pia kuumiza.

Kwa hiyo, ukiwa umefiwa karibuni, au umewahi kuugua akili, muone daktari kwanza, na kwenye fomu ya kituo andika ukweli wote. Ukiwa mzima, nenda. Lakini kabla hujakata tiketi, jaribu kukaa nusu saa kila alfajiri nyumbani kwako kwa mwezi mzima. Nanyi mnaoendesha vituo, nawaomba: msiishie kumfungulia mtu geti siku ya mwisho. Mpigieni simu wiki mbili baadaye, mumuulize kama analala.