Umingmak na swali la mwenye mnyama

Wadau, tangu nirudi kutoka kaskazini ya Kanada kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: vipi baridi? Jamani, baridi ipo. Mwezi wa nne, jua linawaka kweupe hadi usiku, na bado kipimajoto kinasoma nyuzi 25 chini ya sifuri. Ukitoa pumzi, kope zinashikana. Haya, suala la baridi tumelimaliza. Leo nataka tuzungumze jambo jingine, nalo ni uwindaji wa kitalii, na hasa swali ambalo kwetu huwa tunalikwepa: mnyama anayewindwa ni wa nani?

Nilikuwa Cambridge Bay, mji mdogo ulio katika kisiwa cha Victoria, eneo la Nunavut. Wenyeji, yaani Wainuit, wanauita Iqaluktuuttiaq kwa sababu ya neema ya samaki. Kisiwa chenyewe kinakaribia ukubwa wa Uganda, lakini wakazi wake wote hawafiki 3,000. Miti hakuna. Ukitazama mbele ni theluji, ukigeuka nyuma ni theluji, na katikati ya theluji hiyo anaishi mnyama anayeitwa umingmak, maana yake mwenye ndevu.

Wazungu walimpa jina la ng'ombe wa miski kwa sababu dume hutoa harufu kali wakati wa kupandana. Usidanganyike na jina hilo, kwani kiukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo kuliko ng'ombe. Dume mkubwa hufika kilo 300 na ushee. Manyoya yake ya juu yanakaribia kugusa ardhi, na chini yake kuna sufu laini iitwayo qiviut, yenye joto kuliko sufu ya kondoo. Mbwa mwitu wakija, kundi zima hukusanyika, pembe nje, ndama katikati. Wala hawakimbii. Ulinzi huo uliwafaa kwa maelfu ya miaka, mpaka ilipokuja bunduki. Kwa mwenye bunduki, mnyama anayesimama mahali pamoja akikukazia macho ni kazi rahisi mno.

Ndiyo maana ugumu wa safari hizi hauko kwenye kulenga shabaha. Uko kwenye kufika na kurudi mzima. Mgeni anatoka Marekani au Ulaya, amelipa maelfu ya dola, na nauli ya ndege ni hesabu nyingine. Mwenyeji anamtazama makoti yake ya dukani, kisha mara nyingi anamvisha nguo za ngozi ya karibu, yule paa wa kaskazini. Anamkalisha kwenye qamutiik, sledi ya mbao iliyofungwa kwa kamba ili ikipita kwenye barafu yenye mawimbi ijipinde badala ya kuvunjika. Sledi inavutwa na pikipiki ya theluji, saa nyingi, kuelekea mahali ambapo mimi na wewe tusingeona tofauti na hapa tulipoanzia. Mwenyeji anasoma matuta ya theluji jinsi yalivyolazwa na upepo, naye anajua aelekee wapi. Yeye ndiye anayesema twende, anayesema tulale, anayesema dume yule ndiye, wale wengine waache. Bilionea anatii kama mtoto wa shule.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilinigusa. Mjomba wangu alifanya kazi ya kufuata nyayo kwa miaka mingi katika kitalu kimoja cha uwindaji huko kusini ya Tanzania. Kampuni sitaitaja. Alikuwa akitazama jani lililokanyagwa anakwambia nyati alipita saa ngapi. Wageni walipiga naye picha, wakampa bakshishi, mmoja akamwachia kofia. Msimu ukiisha, naye ameisha kazi mpaka msimu ujao. Kitalu kilikuwa cha kampuni, kibali kilikuwa cha mgeni, na mnyama alikuwa mali ya taifa. Cha mjomba kilikuwa macho yake tu. Na siku ambayo angepiga digidigi mmoja kwa ajili ya wanawe, wadau, angeitwa jangili. Mtu yule yule, pori lile lile, ujuzi ule ule.

Kwa hiyo nilipofika kule nilitaka kujua kitu kimoja tu: huyu mzee anayeendesha pikipiki ya theluji, ana nini zaidi ya macho yake?

Jibu lake limo kwenye sheria. Mwaka 1993 Wainuit walitia saini mkataba wa ardhi na serikali ya Kanada, na tarehe 1 Aprili 1999 eneo la Nunavut likazaliwa. Mkataba ule uliwapa haki ya kuwinda, tena haki iliyolindwa na katiba. Kila mji una chama chake cha wawindaji, chenye viongozi wanaochaguliwa na wanachama. Mahali ambapo idadi ya wanyama wa kuvunwa imewekewa kikomo, chama ndicho kinachogawa vibali kwa watu wake, na ndicho kinachoamua kama kuna vya kuwauzia wageni au hakuna. Mgeni kutoka nje hawezi kwenda kuwinda mwenyewe, lazima awe na kiongozi. Kwa maneno mengine, mgeni hana kitu mpaka wenyeji wakubali kumpa.

Na nyama je? Mgeni anachotaka zaidi ni kichwa chenye pembe na ngozi. Nyama kwa sehemu kubwa inabaki mjini. Sheria inakataza kuiacha ya kuliwa ioze, lakini hata bila sheria nani aiache? Vyakula vya dukani vinafika huko kwa ndege, au kwa meli wakati wa kiangazi kifupi, na bei yake inatisha. Nyama ya umingmak inagawanywa nyumba kwa nyumba, wazee kwanza. Pesa za mgeni nazo zinanunua petroli, risasi na vipuri vya pikipiki, ili mwenyeji aende kuwindia familia yake. Nyara za mgeni ndizo zinazolipia mboga ya mwenyeji!

Najua baadhi yenu mtasema nimelewa sifa za watu. Hapana. Historia ya mnyama huyu imejaa damu. Mwishoni mwa karne ya 19, nyati wa Amerika walipokaribia kwisha, wafanyabiashara walihamia kwenye ngozi za umingmak. Walinunua maelfu. Wavuvi wa nyangumi na wapelelezi nao waliua mamia kwa ajili ya chakula chao na cha mbwa wao. Mwaka 1917 serikali ya Kanada ikapiga marufuku uwindaji. Huko Alaska walikuwa wamekwisha kabisa, ikabidi mwaka 1930 waletwe 34 kutoka Greenland ili kuanza upya. Tazama hapo: soko la nje ndilo lililowamaliza, lakini marufuku ikamwangukia pia mwenyeji aliyekuwa akiwala kwa vizazi.

Mchezo huo umeendelea. Mwaka 1983 Ulaya ilizuia ngozi za watoto wa sili, bei ya ngozi zote za sili ikaanguka, na familia za Wainuit zikapoteza kipato ingawa hawakuwa wanawinda watoto hao. Mwaka 2008 Marekani ikamweka dubu mweupe kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na Mmarekani akazuiwa kuingiza nyara yake nyumbani. Wateja wakakauka. Uamuzi unatolewa Brussels au Washington na mtu mwenye nia njema kabisa, halafu anayelala bila petroli yuko Cambridge Bay.

Lakini tusifiche upande mwingine. Mawakala wa miji ya kusini ndio mara nyingi wanaouza safari hizi, na wanakata fungu lao kabla senti haijafika kaskazini. Pia haki ya kuwinda haileti wanyama. Oktoba 2003, katika kisiwa jirani cha Banks, mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda, na umingmak wapatao 20,000 wakafa njaa kwa kushindwa kufikia majani. Baadaye bakteria wa ugonjwa uitwao erisipela walikutwa kwenye mizoga katika visiwa vyote viwili, na idadi ikashuka sana. Hali ya hewa ikibadilika, mkataba wa 1993 hauwezi kuizuia mvua. Chama kinachouza vibali leo kinaweza kulazimika kuvifunga kesho, na watakaoumia kwanza ni wanachama wenyewe.

Hata hivyo, hapo ndipo ninapoona maana. Wakifunga, watakuwa wamefunga wao. Mwenye mali akikaza mkanda anajua anaukazia nini. Mjomba wangu alipoona nyati wanapungua hakuwa na mkutano wa kwenda kusema, na alichokijua kuhusu pori lile hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza. Amezeeka sasa, macho yameanza ukungu, na ujuzi wote ule utazikwa naye.

Mimi sipendi kuua mnyama kwa ajili ya ukuta wa sebule, na sitajifanya napenda. Ila nimechoka na mijadala ya uwindaji inayoanza na kuishia kwa mnyama na mzungu, mmoja anauawa, mwingine analaaniwa au anasifiwa, na mtu aliyewakutanisha hatajwi. Kule Nunavut mtu huyo ana jina kwenye daftari la chama, ana kura, na anaweza kusema hapana. Je, kwetu ni kijiji gani kinachopakana na pori kinaweza kumwambia mwindaji wa kitalii neno hilo, na akaondoka? Mwenye kukijua anieleze, nitapanda basi niende.