Nilivyosaidia Kufukia Ngome ya Chetambe

Wahenga hawakukosea waliponena, usiache mbachao kwa msala upitao. Siku moja mwalimu wetu wa Historia alituambia tutaje mahali pa kihistoria nchini Kenya. Mikono ikainuka. Huyu akataja Fort Jesus kule Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Yule akataja magofu ya Gede. Mwingine akasema Lamu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu cha huku kwetu magharibi. Mimi nilikuwa nakijua kimoja, tena vizuri sana, lakini nilinyamaza kimya kama maji mtungini. Msomaji mpendwa, hebu nikueleze kwa nini.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa hapa Kitale, lakini kwa akina mama ni Webuye, Bungoma, kwenye kilima cha Chetambe. Ukisimama huko juu unauona mji wote wa Webuye chini yako, na upepo unavuma hadi unashikilia kofia. Huko ndiko iliko ngome ya Chetambe. Usidhani ni ngome ya mawe na mizinga kama ile ya Mombasa. La hasha! Ni handaki lililozunguka, limeota nyasi, na mahali pengine ng'ombe wanalivuka bila taabu. Mgeni anaweza kupita hapo na asijue amepita wapi.

Mwaka wa 1895 Mwingereza aliyeitwa Charles Hobley alikuwa na kituo chake Mumias. Wabukusu walikuwa wamepata bunduki za Waingereza, na walipoambiwa wazirudishe walikataa katakata. Kikosi kidogo cha askari wa Kisudani kilichotumwa kwao kiliangamizwa. Hapo Hobley akaja na jeshi kubwa la askari hao pamoja na wasaidizi kutoka makabila mengine. Vita vya kwanza vilikuwa Lumboka. Ngome hiyo ilipoanguka, waliosalia walikimbilia Chetambe, ngome yenye jina la mzee wa Watachoni. Humo Wabukusu na Watachoni walisimama bega kwa bega. Walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache, na adui alikuwa na silaha kali zaidi. Watu wengi walikufa, mifugo ikatekwa, akina mama na watoto wakachukuliwa mateka.

Sasa nirudi kwangu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la saba nilikwenda kwa kukhu, yaani nyanya mzaa mama, wakati wa likizo ndefu. Shamba lake limepakana na handaki hilo. Mjomba alikuwa ameoa na watoto wameanza kuja, na shamba halikui kama watoto wanavyokua. Akaniambia, "Chukua sepetu, twende kazi." Kwa siku nne tulijaza handaki. Tulitupa mabua ya mahindi, mawe na udongo tuliobomoa kutoka ukingoni. Mimi ndiye niliyesukuma wilbaro. Nilikuwa nafurahi kweli, maana niliahidiwa zawadi. Msimu uliofuata tulipanda maharagwe hapo, nayo yakakubali sana. Kukhu akayauza sokoni Webuye, na pesa hizo ndizo zilizoninunulia viatu vya kuingia kidato cha kwanza. Ndiyo maana siku ile darasani nilinyamaza. Nilikuwa nimekaa pale nikiwa nimevaa handaki la Chetambe miguuni.

Basi muhula uliopita Chama cha Kiswahili kilizuru makumbusho ya hapa Kitale. Wengi wetu tunapita kando yake kila siku tukienda shule na hatuingii. Kumbe yana historia ndefu! Yalianzishwa mwaka wa 1926 na Kanali Stoneham, mlowezi ambaye alikuwa akikusanya vipepeo, wadudu, ndege na vitabu. Alipofariki mwaka wa 1966 aliacha vitu vyake vitunzwe, na jengo la sasa likafunguliwa mwaka wa 1974. Tuliona vipepeo waliopangwa mistari safi, kila mmoja amedungwa pini. Nje tuliona nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya jamii mbalimbali, ya Wabukusu ikiwemo, na tukatembea katika njia ya msituni chini ya miti ya kiasili.

Aliyekuwa akituongoza akauliza, "Nani amewahi kufika Chetambe?" Rafiki yangu, mdomo wake hauna kufuli, akanisonta kidole. "Huyu! Kwa nyanyake ni hapo hapo!" Macho yote yakanigeukia. Nikaeleza habari za upepo na jinsi mtu anavyoona mbali. Habari za maharagwe sikuzitaja. Kiongozi akanipongeza, akasema mimi ni mwenye bahati. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitazama tena wale vipepeo. Kipepeo ni mdudu wa siku chache tu, lakini hawa wametunzwa miaka na miaka. Handaki walilochimba watu wangu ili wasitekwe, mimi nililimaliza kwa siku nne.

Likizo ilipofika nilipanda matatu, tukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Jioni baada ya kula ugali na mboga za tsisaka nilimwamkia mjomba upya, kwa adabu, kisha nikamwambia kwamba tusiendelee kufukia.

Mjomba alicheka. "Si wewe ndiwe ulisukuma wilbaro? Leo umekuwa serikali?"

"Nilikuwa mtoto, mjomba. Sikujua."

"Sawa. Na hawa watoto wangu watakula nini, historia? Historia inawekwa kwenye sufuria?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina jibu kamili. Mjomba si mtu mbaya, na njaa haingoji somo liishe. Lakini kukhu, ambaye alikuwa akichambua maharagwe kando ya moto, aliinua kichwa. Alisema kwamba alipoolewa hapo, mama mkwe wake alikuwa akifika handakini ananyamaza. Hata kama alikuwa anasimulia kitu cha kuchekesha, ananyamaza mpaka avuke, kisha anaendelea. "Sikumwuliza kwa nini," kukhu alisema. "Na nyinyi mlipokuwa mnajaza, sikusema kitu. Tulihitaji viatu." Akarudi kwa maharagwe yake. Mjomba naye akatazama moto bila kusema neno.

Asubuhi yake niliamka, nikamkuta mjomba amesimama ukingoni. Tulipima kwa miguu. Sehemu ambayo bado ina shimo, upande wa kukhu, ni hatua arobaini na mbili. Akasema, "Hapa tulipojaza, tutaendelea kulima. Hizo arobaini na mbili sitazigusa." Tuling'oa vichaka pamoja hadi jua likawa kali. Sikupata yote niliyotaka, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Wanachama wenzangu, Hobley alisimulia vita vile katika kitabu chake kilichotoka London mwaka wa 1929. Babu zetu waliopigana ndani ya ngome hawakuandika kitabu. Walichotuachia ni handaki, pamoja na masimulizi ya wazee ambao wanapungua kila mwaka. Tukilifukia handaki, na tusiwaulize wazee, itabaki hadithi ya upande mmoja tu.

Kwa hivyo tusisubiri hadi tupate nauli ya kwenda Mombasa ndiyo tuseme tumeona historia. Tunayo maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia. Tunalo pango la Kitum katika mlima Elgon, ambamo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Kule Maeni, Kimilili, liko kaburi la Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyewasumbua wakoloni na akafariki mwaka wa 1987. Nendeni mwone. Muulize mwenye shamba ruhusa kwanza, na msiende mikono mitupu.

Viatu vile vimenibana sasa na nimevitoa kwa binamu yangu. Lakini mwalimu akituuliza tena, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono, na nitaeleza yote, hata habari za maharagwe.