Alama za Tupa

Kaskazi ikivuma Ras Mkumbi, chumvi haibaki baharini. Inapanda majabali ya matumbawe, inaupita mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, inaingia kijiji cha Bweni hadi chini ya boneti za magari. Chuma kinakula kutu, aluminiamu inaota unga mweupe. Ndiyo maana fundi wa ncha hii ya kisiwa cha Mafia hakuwa na msimu wa kupumzika.

Mjomba wangu alifufua pampu za petroli za Land Rover, hasa zile za Series III zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Pampu hiyo haina umeme. Kamshafti ya injini inausukuma mkono wa pampu, mkono unaivuta dayaframu chini, petroli inanyonywa kutoka tangini. Kisha springi inairudisha dayaframu juu na petroli inakwenda kabureta. Kabureta ikijaa, dayaframu inabaki chini na mkono unacheza bure. Dayaframu yenyewe ni kitambaa kilichopakwa mpira, na kikichanika gari limelala hapo hapo.

Spea zilitoka Gerezani, Dar es Salaam, zikavushwa kwa boti kutoka Nyamisati. Zikichelewa, alikata dayaframu ya muda kwenye tyubu ya baiskeli. Alijua petroli itauvimbisha mpira ule, na alimwambia mwenye gari waziwazi: hii ni ya kumfikisha mgonjwa Kilindoni, basi.

Pembeni mwa pampu kuna kijiti cha kupampu kwa mkono. Wakati mwingine unakibonyeza na hakina nguvu yoyote, kimelegea, ukadhani pampu imekufa. Kumbe kamshafti imesimama mahali ambapo tayari imeusukuma mkono hadi mwisho. “Mjomba, usigombane nacho,” aliniambia nilipokuwa mdogo. “Zungusha injini kidogo.” Sikumsikia hata siku moja akisema pampu imekufa kabla ya kuizungusha injini.

Yeye amekufa. Baada ya khitma warithi waligawana spana, koleo na bisibisi, kila mtu fungu lake kwa sheria. Pampu moja mbovu haikutajwa na mtu. Nikaiomba, nikapewa.

Kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza, mjomba alikuwa akichukua tupa na kukwaruza mstari unaovuka maungio, toka nusu ya juu hadi nusu ya chini, ili wakati wa kufunga kila upande urudi ulipokuwa. Nilipoisafisha pampu ile niliikuta mistari yake, myembamba, imenyooka. Pembeni yake kulikuwa na mingine, mizito, imepinda, imepigwa kwa tindo: mkono wa fundi aliyemtangulia, ambaye huenda hakuna aliye hai anayemkumbuka. Na kulikuwa na mstari mmoja wa mjomba unaoshuka kwenye nusu ya juu, ukifika kwenye maungio unakatika. Chini yake chuma ni kitupu. Nusu ile ya chini ilitoka kwenye pampu nyingine. Mwenza wa mstari ule ametupwa zamani, labda analiwa na chumvi kwenye jalala fulani njiani kwenda Kanga.

Nimeutazama mstari huo zaidi ya nilivyoitazama picha ya mjomba.

Waliokuja kutupa pole walisema kazi yake ipo, inaonekana. Walisema kwa mapenzi, nikawaitikia. Lakini kazi ya fundi pampu inakwisha kwa kutumika. Dayaframu aliyoifunga mwaka juzi itachanika mwaka kesho. Namna ya kufunga inasomeka vitabuni. Alichokwenda nacho hakikuandikwa popote: gari lipi lilipewa nusu ya gari lipi, lilikuwa la nani kabla ya kuuzwa, bibi harusi gani alipelekwa nalo Kirongwe, maiti ya nani ilirudishwa nalo usiku. Aliyajua magari ya kaskazini mwa kisiwa kama watu wanavyojua koo. Sasa nikiwa na swali nageuka kumwita, mdomo umekwisha funguka.

Spea zilipofika niliifunga pampu ile alivyonifundisha. Skrubu hazikazwi dayaframu ikiwa imetulia. Unausukuma mkono hadi mwisho ili ivutike kiasi chote itakachovutwa na injini, ndipo unakaza, moja hapa na nyingine ng'ambo yake. Ukikaza mapema, itachanika siku ya kwanza ya kazi. Unga mweupe niliusugua wote kwa brashi ya waya, isipokuwa palipo mstari usio na mwenza. Hapo nilitumia kitambaa.

Pampu inavuta. Nimeifunga kwenye gari la jirani anayepeleka nazi Kilindoni. Juzi aliniuliza nusu ya chini ilitoka kwenye gari la nani. Nikamwambia aliyekuwa akijua tumemzika.